Barua ya Wazi: Mvua Hunyesha Vilimani, Maji Hutukuta Kano Tumelala

Kwa Mheshimiwa Afisa Msimamizi wa Masuala ya Majanga,

Mheshimiwa, pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye dawati la darasa la nne, katika shule ya msingi tulikohifadhiwa, kwa sababu nyumbani kwangu, katika uwanda wa Kano karibu na Kisumu, maji ya mafuriko bado yanafika magotini. Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza nilizileta ofisini kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri mbele yangu, na mpaka leo sijajibiwa. Ndiyo maana hii naiandika wazi, ili na majirani zangu waisome.

Usiku wa Jumamosi iliyopita huku kwetu haikunyesha hata tone. Tulikula, tukafunga mbuzi, tukalala. Mnamo saa nane usiku niliamshwa na sufuria iliyokuwa ikielea na kugonga mguu wa kitanda. Niliposhuka, maji yalikuwa kwenye vifundo. Nilipomaliza kuwaamsha watoto yalikuwa yamepita magoti. Mama yangu mzazi ana miaka 81 na hatembei bila mkongojo, kwa hiyo nilimbeba mgongoni gizani huku nikipapasa njia kwa mkongojo wake huo huo, nikiogopa kutumbukia katika shimo la choo ambalo sasa halikuonekana. Tulifika barabarani salama. Mbuzi wanne hawakufika, kwa maana walikuwa wamefungwa kamba, na kamba hizo nilizifunga mimi mwenyewe jioni ile.

Mheshimiwa, kamba hizo zinaninyima usingizi. Kama mtu angenipigia simu saa tatu usiku, ningewafungua. Na habari ya kunipa ilikuwapo. Maji yanayotufikia huanza kama mvua ya alasiri katika vilima vya Nandi na Kericho, pande za Tinderet na Londiani, yakakusanyika katika Mto Nyando na vijito vyake, yakashuka kwa kasi hadi Muhoroni, kisha yakaingia katika uwanda wetu wa Kano, ambako ardhi ni tambarare na mto hupungua mwendo, huacha udongo uliobeba, na kumwagika kulia na kushoto. Kati ya mvua ile na mlango wangu kuna saa kadhaa. Saa hizo ndizo tunazowadai.

Wapo hapa wanaosema Ziwa Victoria limepanda na linaurudisha mto nyuma, na wapo wanaolaumu misitu iliyokatwa huko juu. Mimi naamini zaidi kwamba mto wenyewe umejaa udongo, kwa sababu mahali tulipopiga mbizi tukiwa vijana, leo wakati wa kiangazi ng'ombe huvuka bila kulowa tumbo. Hata hivyo, kufukua mto, kupanda miti na kujenga matuta ni kazi ya miaka mingi, na mvua za vuli hazitangoja.

Nakukumbusha, kwa heshima, Mei 2024. Mwezi huo, mafuriko yalipokuwa yameua zaidi ya watu 200 nchini, ulikuja katika shule hii hii, ukasimama kwenye baraza ile iliyo mbele yangu sasa, ukatuahidi kwamba kabla ya msimu mwingine tungekuwa na king'ora na ujumbe wa simu. Msaidizi wako alipita na daftari la jalada la kijani akiandika nambari zetu. Nambari yangu ilikuwa ya 31 katika orodha. Simu hiyo ninayo bado, laini sijabadilisha, na siku hizi kila usiku huiweka kifuani ninapolala. Daftari lile liko wapi?

Huko Budalang'i, kwenye Mto Nzoia, kuna kituo cha kupimia maji pale Rwambwa, na redio ya jamii imewahi kutumiwa kuwaonya watu kwa lugha yao. Sisi kwenye daraja letu tuna kipande cha ubao wa vipimo kilichosalia na skrubu moja. Namba 2 inasomeka, nusu ya 3 pia, kwingine ni tope, na mtu wa kuusoma hatujamwona. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeutaja usimamizi wa majanga kwa serikali ya kitaifa na kwa serikali za kaunti pia, kwa hivyo nimechoka kuambiwa nikaulize ofisi nyingine.

Tunaomba ubao wa vipimo pale Muhoroni na mtu anayelipwa kuusoma kila saa mvua inaponyesha, usiku ukiwemo. Tunaomba kiwango kijulikane ambacho maji yakikifikia, mtu huyo humpigia chifu, chifu huwapigia wazee wa vijiji, nao hupuliza filimbi. Filimbi tutanunua wenyewe. Vijana wa bodaboda wamekwisha kukubali kuwabeba wazee na wagonjwa hadi shuleni, hata kwa zamu za usiku.

Na kama hayo yote hayawezekani mwaka huu, Mheshimiwa, basi tafuta mtu mmoja pale Muhoroni, mpe salio la simu, na umwambie atupigie mto unapofura. Simu moja tu, kabla ya maji.

Wako mwaminifu,
Mkulima wa mpunga, karibu na Ahero.
Nambari ya 31 katika daftari la kijani.