Kabla ya kukwangua madonge hayo mtini

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa kilimo uliwashauri wasomaji wakwangue kila donge la kahawia lililoganda kwenye matawi ya michungwa na kulichoma moto, eti ni ugonjwa. Baadhi ya madonge hayo ni vifuko vya mayai ya vunjajungu, na anayetaka kuvitambua hana budi kujua kwamba havifanani.

Vunjajungu jike hutaga mayai ndani ya povu analolitoa mwilini, nalo huwa gumu baada ya saa chache, kwa umbo linalotegemea spishi. Wale wakubwa wa kijani wa jenasi ya Sphodromantis, ambao tulipokuwa watoto tulikatazwa kuwagusa tusije tukavunja vyombo, huacha donge nene la mviringo, jepesi kama sponji, ambalo mayai yake huweza kupita 100. Wembamba wa Miomantis hutengeneza kifuko kidogo zaidi. Tarachodes, wenye rangi ya gome, hutaga kifuko kirefu kilicholala tawini, kisha jike hukaa hapo hapo akikilinda. Basi mwenye kisu, asipotazama vizuri, hukwangua mayai na mama yake pamoja.

Donge nililolikuta kwenye mlimau wangu lilikuwa na vitundu vidogo vya mviringo ubavuni. Waliovitoboa hawakuwa watoto wa vunjajungu, ambao hutokea kwenye mstari wa katikati na kuacha vigozi vyao vikining'inia kwenye nyuzi laini, bali nyigu wadogo wa Podagrion, ambao mabuu yao hula mayai humo ndani.

Huko Marekani, ambako vunjajungu wa China, Tenodera sinensis, alionekana karibu na Philadelphia mwaka 1896, watu wanaotaka kumpunguza mgeni huyo huangalia kwanza umbo la kifuko: chake ni donge la mviringo, ilhali kifuko cha mwenyeji, Stagmomantis carolina, ni kirefu na bapa.

Sidai kwamba vunjajungu ni dawa ya shamba, kwani hula hata nyuki. Ninachoomba ni mchapishe marekebisho yenye picha za vifuko hivi na picha ya ugonjwa mliokusudia, katika ukurasa mmoja, ili mkulima azilinganishe kabla ya kushika kisu.

Msomaji wenu,
Morogoro