Kwa wanaosimamia seva: dalili za kubahatisha nywila

Wakuu, salaam. Wenye Ubuntu au Debian, fungueni faili la kumbukumbu za kuingia, /var/log/auth.log (kwenye Debian 12 na kuendelea huenda halipo, tumieni journalctl -u ssh), mtafute "Failed password". Mkiona mistari kibao ndani ya dakika moja, anwani ya IP ni ileile, majina yanabadilika tu (root, admin, test), hiyo ni roboti (programu inayojiendesha) inabahatisha nywila. Seva yoyote iliyo wazi kwenye intaneti hupigwa hivyo kila siku, msitaharuki. Cha kuogopa ni "Accepted password" kutoka anwani iliyokuwa ikishindwa: hapo mtu keshaingia. Itoeni seva mtandaoni kwanza, kubadili nywila baadaye.

Kwenye Windows, angalieni kumbukumbu za Security ndani ya Event Viewer: tukio 4625 ni kushindwa kuingia, 4624 ni kufanikiwa.

Wajanja zaidi hujaribu nywila moja, mathalani Karibu123, kwa akaunti zote, kisha hutulia. Kila akaunti inaonyesha kosa moja tu, kwa hiyo kikomo cha kufunga akaunti, mathalani baada ya majaribio matano, hakifikiwi. Hesabuni makosa ya mfumo mzima kwa saa, si ya mtumiaji mmoja mmoja.

Kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) hamieni kwenye funguo, yaani faili za siri badala ya nywila, kisha wekeni PasswordAuthentication no kwenye mipangilio ya SSH ya seva ili izuie nywila. Jaribuni ufunguo kwenye dirisha la pili kabla ya kufunga la kwanza, msije mkajifungia nje.