Barua ya wazi kwa vijana wa kijiweni: mtihani mliompa mama ntilie

Wajukuu zangu wa kijiwe cha bodaboda, hapa Ilala,

Salamu nitawapa nikishapoa. Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye benchi la mama ntilie, chai ya rangi mkononi, mlipoanza kumsakama kwa sababu amekataa kuwakopesha tena. Mmoja akamwita Mrundi. Mwingine akasema, "Kama Mtanzania kweli, imba wimbo wa taifa, ubeti wa pili." Wa tatu akamalizia: "Babu yako kazikwa wapi?" Mama wa watu, mzaliwa wa Kasulu, mkoani Kigoma mpakani na Burundi, akaweka upawa chini akaanza kuimba. Sauti ikamkwama katikati. Mkacheka. Na mimi mtu mzima nikanyamaza. Hilo ni langu, nitalijibu kwa Mungu.

Nimefundisha historia miaka 31, na mtihani ule naujua ulikotoka. Hamkuubuni nyie.

Mwaka 1897 walowezi wa Natal, Afrika Kusini, hawakutaka Wahindi huru waingie na kufungua maduka. Januari ya mwaka ule umati ulijaa gatini Durban kuzuia abiria wa meli mbili kutoka Bombay. Gandhi, mmoja wa abiria hao, alipigwa barabarani. Wakubwa wa London ubaguzi wenyewe hawakuwa na shida nao, shida yao ni uandikwe waziwazi, maana India nayo ilikuwa milki yao. Ikatungwa sheria isiyomtaja Mhindi hata mara moja: anayeingia ajaze maombi kwa lugha ya Ulaya. Basi. Lakini manamba wa Kihindi wakaendelea kuletwa kwenye mashamba ya miwa, maana jembe halina mtihani.

Australia nao wakaupenda. Mwaka 1901 wakaweka imla: ofisa anakusomea maneno 50, kwa lugha yoyote ya Ulaya anayoichagua yeye, nawe uandike. Ukijua Kiingereza, anakuletea nyingine.

Ngojeni, hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka 1934 alifika mwandishi mmoja kutoka Prague, Egon Kisch, Mzungu kabisa, ila serikali ilichukia siasa zake. Alizijua lugha kadhaa za Ulaya. Wakamsomea imla kwa Kigaeli cha Uskoti! Akashindwa, akahukumiwa, mpaka Mahakama Kuu ikaja kusema hiyo haikuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka hapo, nami nawaacha wacheke, kisha nawauliza: Mchina aliyepewa imla hiyohiyo, nani alimpeleka Mahakama Kuu? Mtihani ule uliendelea hadi 1958. Haukupima lugha. Ofisa alishaamua kabla hujashika kalamu, kama nyie mlivyoamua kabla yule mama hajafungua mdomo. Ubeti wa pili angeumaliza, mngemdai nini tena? Na wangapi kati yenu mnaujua?

Hilo la babu nalo si geni. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza walikuwa wakihamia huko kwa wingi. Bunge la London likapitisha sheria kwa siku tatu: pasi haitoshi, lazima wewe, mzazi wako au babu yako awe na asili ya Uingereza kwenyewe. Mlowezi wa Nairobi akapita kwa jina la babu yake. Fundi cherehani mwenye pasi ya serikali hiyohiyo akabaki nje.

Hapa Dar hapakuhitaji meli. Uzunguni kwao, Uhindini kwao, Uswahilini kwetu, na Mnazi Mmoja uwanja wa kututenga. Mwafrika aliyetoka bara kuja mjini alikuwa mgeni kwenye nchi yake. Kulikuwa na sheria ya mkoloni ya mwaka 1944 iliyowapa wakubwa nguvu ya kuwarudisha makwao watu waliohesabiwa hawafai mjini. Baba yangu, hamali wa bandarini kutoka Rufiji, alilala na risiti ya kodi kwenye mfuko wa shati. Ilikunjwa mpaka ikakatika, mama akaibandika kwa ugali wa muhogo, na mhuri ukafichwa na ule ugali. Usiku wa msako askari akaigeuza chini ya tochi mara tatu. "Kwenu wapi?" Baba, aliyekaa mjini miaka kumi na moja, akajibu, "Rufiji, bwana." Mimi nilikuwa chini ya kitanda, nayaona mabuti tu.

Neno hilo, "kwenu wapi", mkilitamka mnaniuma. Mwezi uliopita mmoja wenu alilia hapahapa amenyimwa viza ya Ulaya bila kuelezwa sababu, sote tukalaani. Huyohuyo ndiye aliyeuliza babu wa mtu kazikwa wapi!

Lakini niwalaumu nyie tu? Watu wa Kigoma wanalalamika kila siku kwamba wakiomba karatasi za serikali huulizwa maswali asiyoulizwa mtu wa Tanga, na sisi wazee tunaona kawaida. Tumesahau kwamba Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na Nyerere akawaambia wakiupitisha ubaguzi huo serikali yake itajiuzulu.

Mengine nayataja tu, mnayajua. Msimwambie Muhindi wa duka la pembeni arudi Bombay, kazaliwa Kisutu. Mkimbizi si tusi. Someni.

Haya, salamu sasa: hamjambo? Kesho saa moja nitakuwa kwenye benchi lile. Mje mumwombe radhi, na mje na hela. Daftari lake nimeliona: yule wa ubeti wa pili anadaiwa chapati kumi na nne na maharage sahani sita.

Babu yenu,
Mwalimu mstaafu