Bega linapouma baada ya kusafishwa kizazi

Malindi, Ijumaa jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima, ila nina jambo haliwezi kungoja hadi uje.

Wiki hii wodini tulipokea msichana analia na bega la kulia. Bega tu. Damu ilikuwa matone, homa hana, na duka la dawa lilikuwa limemuuzia dawa ya kuchua. Nilipomlaza nimpime tumbo aliruka akaketi, maana akilala ndipo bega linapozidi. Mapigo ya moyo 128 kwa dakika, presha bado nzuri. Nikamwomba mamake atupishe, nikavuta pazia, nikamuuliza taratibu. Siku tatu nyuma alikuwa ametolewa mimba mahali, kwa siri.

Kizazi kilikuwa kimetoboka kwa juu. Damu badala ya kutoka nje ilimwagikia tumboni, ikapanda hadi chini ya kiwambo cha pumzi, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Neva ya hapo hutokea shingoni, kunakotoka na neva za bega, ndiyo maana maumivu yakahamia huko. Alipasuliwa usiku uleule. Leo amekunywa uji, alhamdulillahi.

Nakuandikia wewe kwa sababu uko Faza, kisiwani Pate, na kutoka huko hadi hospitali kubwa ni boti na maji ya kujaa. Usingoje damu nyingi wala homa ndipo umpeleke. Msichana mwenye nguvu presha yake haishuki mapema. Moyo ndio hutangulia kukimbia. Utumbo nao unaweza kunasa kwenye tundu la kizazi kilichotoboka: siku kadhaa baadaye anatapika, tumbo linajaa, hewa haitoki, na watu wanasema vidonda vya tumbo. Damu ikikatika ghafla huku maumivu yakizidi, huenda imefungika ndani ya kizazi. Na kama mimba ilikuwa kwenye mrija wa uzazi, nje ya kizazi, vidonge vya kutoa mimba haviitoi. Mrija unaweza kupasuka, na bega likauma vilevile.

Linaloniuma zaidi ni wahudumu wanaowafukuza wasichana hawa kwa kuogopa polisi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hii ni dharura, hata mimba iwe imetoka vipi.

Tafadhali zungumza na nahodha wa boti kuhusu mafuta ya safari za usiku. Nambari yangu unayo; piga hata saa nane za usiku, nitapokea.

Wako,
Zuhura