Mwanafunzi wa utangazaji asitoke field bila demo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanafunzi wa utangazaji wanaojiandaa kwenda mafunzo kwa vitendo (field), na mameneja wa vituo watakaowapokea. Maombi mengi ya kazi hufika redioni yakiwa na vyeti na wasifu wa kurasa nne, lakini sauti hakuna. Anayeajiri mtangazaji anataka kusikia kwanza, vyeti atavikagua baadaye.

Demo, yaani rekodi fupi ya kuonyesha sauti na uwezo wako, isizidi dakika mbili. Anza na taarifa ya habari ya sekunde 40, weka kipande cha mahojiano ambamo swali lako na jibu la mhojiwa vyote vinasikika, kisha malizia kwa ufunguzi wa kipindi. Muziki usiwepo mwanzoni, maana msikilizaji mwenye faili nyingi mbele yake huamua mapema kama aendelee, na sekunde hizo zikiishia kwenye jingo, yaani muziki mfupi wa kutambulisha kituo au kipindi, atakuwa bado hajakusikia wewe. Usikimbize habari. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo 110 hadi 120 kwa dakika yanatosha, yaani maneno 75 hivi kwa sekunde 40. Tarakimu ziandike kwa maneno kwenye karatasi ya kusomea: "milioni mbili na laki nne" haimkwamishi mtu, ila 2,400,000 imewakwamisha wengi wakiwa hewani.

Studio si lazima. Chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa kinafaa kuliko ukumbi wa vigae, kwa sababu kuta tupu hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi ni vigumu mno kuuondoa. Zima feni. Kipaza sauti kikae sentimita 15 hivi kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isikipige moja kwa moja. Kwenye kipimo cha sauti cha programu ya kurekodia, vilele vya sauti vicheze kati ya -12 na -6 dB (desibeli). Vikigonga sifuri sauti hupasuka, na kuishusha baadaye hakusaidii. Rekodi kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, hariri kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, na usitumie kupita kiasi kile kitufe cha kuondoa kelele, kwani huibakiza sauti kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa.

Wengi huharibu kazi nzuri wakati wa kuituma. Wanaicheza demo kwenye spika na kuirekodi upya kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Hapo faili linabanwa, "s" zinafifia, na kelele za chumba zinaongezeka. Tengeneza faili la MP3 lenye ubora wa kbps 192, ambayo kwa dakika mbili ni kama MB 3, itume kwa barua pepe au kama dokumenti, na faili lenyewe lipe jina lako.

Kuhusu mahali pa kufanyia field, msikimbilie Dar es Salaam wote. Redio jamii kama Sengerema FM, Pangani FM, Orkonerei FM ya Simanjiro na Micheweni FM ya Pemba zinastahili kufikiriwa. Pale wafanyakazi wanapokuwa wachache, mwanafunzi hushika kinasa sauti, miksa na uhariri mapema. Posho usiitegemee, panga nauli na malazi yako kabla. Barua iende miezi miwili mapema, ikitaja idara unayoitaka. Na idara si utangazaji tu: fundi mitambo, mhariri wa sauti na mpangaji wa ratiba ya matangazo ya biashara nao wanaendesha kituo.

Jambo jingine ni ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kama mwanahabari. Kanuni za 2017 chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 zinamtaka mwanahabari awe na angalau stashahada, na Bodi ya Ithibati sasa inafanya kazi. Mwenye astashahada ya ngazi ya 4 au ya 5 ya NTA, mfumo wa tuzo za elimu ya ufundi, asidhani amemaliza. Apange mapema kufika ngazi ya 6, ambayo ndiyo stashahada. Inasikitisha kuona kijana mwenye sauti nzuri akizuiwa na cheti alichokuwa na uwezo wa kukipata.

Kwenu mameneja, ombi langu ni dogo. Mwanafunzi anapoondoka, mpeni nakala ya vipande alivyosoma au kuvihariri, pamoja na barua ya ruhusa ya kuvitumia kuombea kazi. Vipo vituo vinavyomnyima hata sekunde 30 za sauti yake mwenyewe. Tena kila Ijumaa mtengeeni robo saa asikilize rekodi zake akiwa na mtangazaji mzoefu, aonyeshwe pale alipochanganya "r" na "l" na pale alipokata pumzi katikati ya sentensi.

Mkufunzi wa utangazaji,
Morogoro