Ushujaa wa John Glenn uhojiwe

Mhariri,

Kila anapotajwa John Glenn, mwanaanga wa Marekani, huitwa shujaa, na mjadala huishia hapo. Ujasiri wake sibishi: Februari 20, 1962 aliizunguka dunia mara tatu, na kituo cha Zanzibar kilikuwa miongoni mwa vilivyofuatilia safari ile.

Lakini Julai mwaka huohuo aliiambia kamati ya Bunge la Marekani kwamba wanawake kutokuwemo katika kazi ya uanaanga ni utaratibu wa jamii. Kulikuwa na marubani wanawake waliokwisha kufaulu vipimo vigumu vya afya! Juni 1963 Wasovieti wakamrusha Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu.

Baadaye, akiwa seneta wa Ohio, aliguswa na kashfa ya Charles Keating, mwenye benki ambaye maseneta watano walidaiwa kumkingia dhidi ya wakaguzi wa serikali. Kamati ya maadili ya Seneti ikasema alikosa busara. Vijana wetu wasimuliwe nusu ya maisha yake tu.

Msomaji, Unguja