Uliza boya kwanza

Swahiba Hamisi,

Salamu nyingi, wewe na wa nyumbani. Umeuliza kama ada ya klabu ya mashua pale Msasani ina faida, maadamu chombo chako ni cha futi 22 tu na unaweza kukitia nanga popote bure. Baa na viti vya kivulini visikushughulishe. Uliza habari za boya la kufungia chombo, lile lililoshikwa na mnyororo na uzito chini ya bahari.

Ghuba ya Msasani imeipa kusi, upepo wa kutoka kusini, mgongo, lakini mdomo wake umeelekea kaskazini. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, likichafuka mwezi wa kwanza, mawimbi huingia moja kwa moja, na hapo maboya ya kujitengenezea huachia. Mtu huzamisha zege la kilo 500 akaona amemaliza, kumbe ndani ya maji linabaki na uzito wa kama kilo 290. Mnyororo nao huliwa pale unapogusa mchanga, maana hapo ndipo unapoinuka na kulala kutwa kucha. Pini ya shakeli, pingu ya chuma inayounga mnyororo, isipofungwa kwa waya hujifungua yenyewe. Kamba hukatikia omoni, mbele ya chombo, inaposugua, hivyo ivishe kipande cha mpira wa maji. Klabu inayojua kazi ina mzamiaji wa kukagua hayo yote. Omba kuona tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Ikizidi mwaka, mimi nisingefunga chombo hapo.

La pili ni mahali pa kukiegemeza chombo ukikisugua chini. Bamvua la Dar, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne. Ukikiegemeza kwenye nguzo saa kumi alfajiri, saa nne kimekauka: kwangua, piga msasa, paka rangi, na alasiri kinaelea. Ila usikipandishe kwenye kilele cha bamvua. Maji ya siku zifuatazo hupungua, nawe utakaa wiki mbili ukikitazama kikiwa nchi kavu.

Uliza pia ni nani anayesikiliza redio chaneli 16, ile ya dharura, na kama boti ya uokoaji ina mafuta siku zisizo za mashindano. Ukienda visiwa vya Mbudya au Bongoyo, acha idadi ya watu na saa ya kurudi kwa mlinzi.

Mashindano yenyewe ya matanga yatakufundisha kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kupinda huku na huku, kuliko mwaka mzima wa kutembea peke yako. Ishara kwa kawaida hutolewa dakika 5 kabla ya kuanza, kisha 4, kisha 1. Anayepigwa na upepo ubavu wa kushoto humpisha anayepigwa ubavu wa kulia. Shika hilo kwanza, mengine yatakuja.

Fomu za klabu nyingi hutaka wanachama wawili wakudhamini. Basi ili ujuane nao, nenda siku ya mashindano, mapema, na glavu zako, uulize nani amepungukiwa baharia. Hakosekani.

Wako,
Juma